Deni la mchana: nani anaruhusiwa?



Kila benki iko na konti ndani ya Benki Kuu. Malipo yakitoka mbele ya feza kuingia, konti inaweza kushuka chini ya sifuri. Nani anaruhusiwa? Marekani, ni hasa benki zenye afya, zenye haki ya kukopa kwa Benki Kuu. Mwenye kuweka dhamana halipishwi kitu, lakini deni lazima liishe mbele ya siku kufungwa.

Kwetu, 2016, Benki Kuu ilikata mkopo wa BIAC. Ule haukuwa wa mchana tu, lakini raia walipanga mstari juu ya makuta yao wenyewe.

Basi tuulize bila woga: nani anakopeshwa, kwa dhamana gani? Jibu liandikwe kwa lugha ya raia.