Alama Zisizoigika: Hotuba ya Mahafali, Digodigo

Mkulima wa Digodigo anayemwagilia shamba kwa mifereji ya Wasonjo hawezi kujua kwa macho kama pakiti aliyonunua ina mbegu iliyothibitishwa au mahindi ya kula yaliyopakwa rangi. Atajua shambani, msimu ukiwa umeshampita. Hasara hiyo ni nzito mno kuachiwa bahati, ndiyo maana bidhaa hutiwa alama kabla ya kufika dukani.

Tanzania ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji: kemikali kidogo sana huchanganywa humo, na dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hubainika kituoni kwa kuwa vinasaba vyake vimepungua. Mwaka 2019 TRA, mamlaka ya mapato, ikaleta stempu za kielektroniki, zinazohakikiwa kwa simu. Hata hivyo, chochote kilichochapishwa kikaonekana, mtu mwingine anaweza kukichapisha.

Nanoteknolojia huziba pengo hilo. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unene wa unywele ni nanomita 80,000 hivi. Chembe za kwanta, zilizowapatia Bawendi, Brus na Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023, hutofautiana rangi kwa ukubwa tu: ndogo hutoa mwanga wa buluu, kubwa mwekundu. Zikimwagwa ndani ya gundi ya lebo, kila moja hutua inapotua. Mpangilio huo hupigwa picha na kuhifadhiwa, na hata kiwanda chenyewe hakiwezi kuurudia. Hapa ndipo penye thamani kubwa: siri huweza kuuzwa na mfanyakazi mmoja, lakini mtawanyiko huo hauna wa kuuza.

Baadhi ya chembe hizo zina kadimiamu, ambayo ni sumu, hivyo hazifai karibu na dawa wala chakula. Za kaboni au silika zinafaa zaidi.

Utaalamu wenyewe hauko ng'ambo tu. Askwar Hilonga, mwana wa Karatu, alitengeneza katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, chujio la maji linalotumia nanoteknolojia, likashinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi. Kwa upande wa alama, kazi inayowasubiri wahitimu ni kifaa cha kuzisomea: kiwe cha bei ndogo, kistahimili vumbi, na kikae kwenye kaunta ya duka la pembejeo, mkulima ahakiki pakiti yake kabla ya kulipa.