Kuandika Kiingereza cha Chuo Kikuu: Kazi ya Vijana, Msaada wa Wazazi

Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi na jamaa za wakimbizi wa ndani, Kivu ya Kaskazini



Katika kazi yetu tunakutana na vijana wa jamaa zilizohamishwa na vita, ambao wanasoma uhusiano wa kimataifa. Wazazi wanatuuliza: kwa nini kijana anayefundishwa kwa Kifaransa ajisumbue tena na kuandika Kiingereza?

Jibu ni hili. Mambo mengi ya inchi yetu yanaandikwa mbali nasi. Umoja wa Mataifa una lugha rasmi 6, na Kiswahili hakimo. Kifaransa kimo, lakini Kundi la Wataalamu wa Congo, lililoundwa na Baraza la Usalama mwaka wa 2004, kwa kawaida huandika ripoti zake kwanza kwa Kiingereza. Tena, tangu mwaka wa 2022 Congo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako kazi nyingi za ofisi hufanyika kwa Kiingereza. Asiyeandika huandikwa na wengine.

Basi kijana ajifunze nini? Tunataja mambo matatu.

Kwanza, mpangilio. Shule zetu zilitufundisha disertasyo ya Kifaransa: upande mmoja, kisha upande wa pili, na jibu mwishoni. Hata wazee wetu kwenye barza huzunguka kwanza ndipo wafike kwenye shauri. Kiingereza cha chuo hutaka jibu lionekane tangu fungu la kwanza. Kisha kila fungu hubeba wazo moja na ushahidi wake. Desturi yetu si mbaya. Lakini ukiingia nyumba ya watu, unafuata desturi ya nyumba hiyo.

Pili, neno sahihi. Kwa Kiswahili tunasema "mkimbizi" kwa aliyevuka mpaka na kwa aliyebaki ndani ya inchi. Kiingereza kinawatenga. Aliyevuka mpaka huitwa "refugee", naye analindwa na Mkataba wa mwaka wa 1951. Aliyehama bila kuvuka mpaka ni "internally displaced person". Yeye anahusika na Kanuni za Kuongoza za mwaka wa 1998 na Mkataba wa Kampala, uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka wa 2009, na serkali yake ndiyo yenye wajibu wa kwanza wa kumlinda. Kijana akikosea neno hilo moja, amewaweka wazazi wake chini ya sheria isiyo yao.

Tatu, ushahidi. Mwandishi atenge aliyoyaona, aliyoyasikia na anayoyadhani. "Watu wote wanajua" si ushahidi. Na akichukua maneno ya mwingine, amtaje mwenyewe. Kunakili bila kumtaja ni wizi, na chuo humwadhibu anayefanya hivyo. Uvumi ukiandikwa kama kweli unaweza kuwasha moto kati ya kabila na kabila. Kwa hiyo somo hili ni kazi ya amani vilevile.

Nanyi muna sehemu yenu. Kijana akija kuwauliza habari za safari yenu, mwambieni tarehe na mahali, na semeni wazi kama muliona au mulisikia. Viongozi, tunzeni daftari za kamati, maana zinaweza kuwa msingi wa andiko lake. Lakini musikubali jina la mutu liandikwe bila ruhusa yake, hasa mama au mtoto aliyetendewa ukatili. Na akimaliza, mwombeni awasomee kwa Kiswahili yale aliyoandika juu yenu. Mukiona kosa, mwambieni asahihishe kabla ya kulipeleka chuoni.

Ninyi vijana, musingoje kujua maneno yote. Andikeni fungu moja kila siku, mubadilishane na mwenzenu, kila mmoja aulize: jibu liko wapi? Ushahidi uko wapi? Haba na haba hujaza kibaba.

Tunatamani siku ambayo mateso ya Kivu yatasomwa katika maandiko ya watoto wa Kivu wenyewe, yenye ukweli na bila chuki. Siku hiyo inaanza na fungu la leo.