Kibali cha silaha kisiwe hisani ya afisa

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu suala linaloigawa Marekani kila uchao: haki ya raia kumiliki na kubeba silaha. Haki hiyo imo katika Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Hata hivyo, namna inavyotekelezwa huamuliwa kwa sehemu kubwa na mabunge ya majimbo, na wabunge wa huko ndio ninaowaelekezea wito wangu.

Mwezi Januari mwaka 1956, nyumba ya Mchungaji Martin Luther King mjini Montgomery, Alabama, ilishambuliwa kwa bomu. Mwaka huo huo aliomba kibali cha kubeba bastola, akanyimwa. Sheria iliwaachia wenye madaraka wa mahali waamue nani anafaa na nani hafai. Mtu aliyekuwa akiwindwa aliachwa bila kinga, na waliomnyima hawakuvunja sheria yoyote.

Tarehe 23 Juni mwaka 2022, kwa kura 6 dhidi ya 3, Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sharti la New York lililomtaka mwombaji athibitishe kuwa ana haja ya pekee ya kujihami. Majimbo yalibaki na uwezo wa kudai kibali na kuchunguza rekodi ya mwombaji. Lakini mahakama ilidokeza kuwa ucheleweshaji mrefu na ada kubwa mno vinaweza kupingwa.

Basi wabunge wasingoje kushtakiwa. Watunge sheria yenye vigezo bayana, muda maalumu wa kujibu maombi, sababu za kukataa zitolewe kwa maandishi, na ada ambayo mfanyakazi wa kawaida anaimudu. Tajiri huajiri walinzi. Mwenye duka anayefunga usiku wa manane hana uwezo huo.

Wapo wanaohofu kwamba silaha zikiongezeka, misiba nayo itaongezeka. Hofu hiyo si ya kubezwa. Lakini sheria iliyo wazi haimfungulii mlango kila mtu. Mwezi Juni mwaka 2024, mahakama hiyo hiyo, kwa kura 8 dhidi ya 1, ilikubali kwamba mtu aliyethibitika mahakamani kuwa tishio kwa usalama wa mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha.

Kwa wasikilizaji wetu walioko Marekani, suala hili si la wengine. Sheria ya shirikisho humruhusu mkaazi wa kudumu kumiliki bunduki, ilhali wengi walioingia kwa viza za muda hawaruhusiwi. Aidha, kibali kilichotolewa Texas hakitambuliwi New York. Jifunzeni sheria za jimbo lenu, na mlio raia mwandikieni mbunge wenu.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki inayosubiri hisani ya afisa bado haijatolewa.