KUJIFUNZA LUGHA UKUBWANI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Handeni na Korogwe)



Tumeombwa tuseme habari ya mtu mzima ajifunzaye lugha isiyo ya kwao, na jinsi impasavyo kujifunza ili apate faida. Jambo hili si la darasani tu, ni la kazi zetu za kila siku. Nani kati yetu hajapata kuona mkutano ambamo mgeni asema Kiingereza, na karani aijuaye habari yote ya faili, tangu waraka wa kwanza hata wa mwisho, amekaa kimya, na msemaji akawa ni yule ajuaye Kiingereza lakini asiyeijua habari? Maamuzi hutoka vivyo hivyo. Na nani hajapata kumwona mzee wa kijiji cha huku Handeni, aliyekuja kushitaki mpaka wa shamba lake, akaeleza kwa Kizigua maneno ya nusu saa, na karani mgeni akaandika mstari mmoja wa Kiswahili? Dhuluma haikukusudiwa, lakini mti uliokuwa alama ya mpaka haukuingia katika mstari ule.

Basi lugha zinazotuhusu ni za namna mbili: Kiingereza kwa upande wa waraka, na Kizigua, Kisambaa au Kibondei kwa upande wa watu. Kiswahili tunacho, na nguvu yake imezidi. Mwaka 1967 serikali iliagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka 2021 sheria ilikifanya kuwa lugha ya mahakama. Wako wasemao kwamba kwa sababu hiyo Kiingereza si kitu tena kwa karani. Sisi hatuoni hivyo, maana mikataba mingi na vitabu vya ufundi vingali katika lugha ile, na asiyeisoma humtegemea mwenziwe amwambie kilichoandikwa.

Mara tusemapo haya, watu hutujibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali ni njema kwa malezi ya watoto, lakini kwa lugha si kweli yote. Mwaka 1978 mwalimu mmoja, Catherine Snow, pamoja na mwenzake, walitoa habari za wasemaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi, wakubwa kwa wadogo, wakijifunza Kiholanzi. Katika miezi ya kwanza waliotangulia hawakuwa watoto wadogo, bali vijana wa miaka 12 hata 15, na watu wazima. Baadaye watoto waliwakaribia na kuwafikia. Kwa hiyo mtu mzima hana haki ya kusema kwamba mlango umefungwa. Lililo kweli ni kwamba matamshi humshinda zaidi kuliko mtoto, na ya kuwa aliyeanza ukubwani ni vigumu asikike kama mwenyeji. Hilo na alikubali, aendelee na kazi yake. Hatuajiriwi kwa ajili ya lafudhi.

Jambo la pili ambalo watu hulikosea ni kudhani kwamba kukaa na wenyeji kwatosha. Mfano tunao mlangoni. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Reli ya Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaenea kando yake. Watu wakaja kukata mkonge kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, wakaitwa manamba, na kila mmoja alikuwa na lugha yake. Walijifunza Kiswahili ukubwani, pasipo mwalimu wala kitabu, kambini na sokoni, na kwa Kiswahili hicho walinunua, wakaoa, wakazika. Tuwape heshima yao. Lakini pia twajua sote kwamba wako walioishi huku miaka thelathini, na hata mwisho wakasema "kitabu yangu" na "watu mingi". Kwa nini? Kwa kuwa walifahamika. Mwenye duka alipojua unataka chumvi alikupa chumvi, hakukurekebisha ngeli.

Na jambo hili si la manamba peke yao. Mwaka 1983 mtaalamu Richard Schmidt aliandika habari za msanii mmoja Mjapani, mtu wa miaka thelathini na kitu, aliyehamia Hawaii. Kwa miaka mitatu alisema Kiingereza kila siku, akafanya biashara, akapata marafiki. Hata hivyo sarufi yake ilisogea kidogo mno. Kusema kulimtosha, basi hakuangalia maneno yanavyoungwa. Karani hawezi kuridhika na hali hiyo, kwa sababu kazi yake ni kuandika, na katika barua kosa halifunikwi na tabasamu.

Kwa hiyo yapasa kusoma pia. Lakini kusoma namna gani? Hapa twaomba mtusikilize sana, kwa sababu jaribio tutakalolitaja lilifanywa kwa maneno ya Kiswahili chenyewe. Mwaka 2008 wataalamu wawili wa Marekani, Karpicke na Roediger, walichapisha habari za wanafunzi waliopewa maneno 40 ya Kiswahili wayajue pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Wote walisoma na kujaribiwa mpaka kila neno wakalipata mara moja. Tangu hapo wakatengwa. Wengine waliendelea kujaribiwa maneno yote, yaani kufunika maana na kuitafuta kichwani. Wengine waliendelea kuyasoma tu yale waliyokwisha kuyapata, bila kujaribiwa tena. Baada ya juma moja waliojaribiwa walikumbuka karibu maneno 80 katika kila 100. Waliosoma tu walikumbuka kama thuluthi. Na la ajabu ni hili: kabla ya juma kwisha, makundi yote yalidhani yatakumbuka sawasawa.

Sisi makarani tu watu wa kusoma tu. Twachukua kitabu cha Kiingereza jioni, twapitisha macho juu ya ukurasa, twaona maneno yote ni ya kawaida, twafunga kitabu na kuridhika. Kulitambua neno ulionapo ni kumjua mtu kwa sura. Kulitoa neno wakati ulihitajipo ni kumwita kwa jina lake usiku, gizani. Haya ya pili ndiyo yatakiwayo mkutanoni. Kwa hiyo twashauri daftari dogo, lenye mstari katikati: kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza au Kizigua. Funika upande wa kulia kwa bahasha ya zamani, sema neno kwa sauti, kisha funua. Lililokushinda litie alama. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma. Maana tangu mwaka 1885 Mjerumani Ebbinghaus alionyesha kwamba kusahau huenda mbio sana katika saa na siku za kwanza, kisha hupunguza mwendo. Saa moja ya Jumapili haifikii dakika kumi za kila siku. Abiria wa basi la Korogwe kwenda Handeni ana nafasi zaidi ya hiyo, pasipo mtu kumsumbua ila kondakta.

Tena maneno yachaguliwe. Tumepata kuona daftari la mwanachama lililojaa majina ya ndege wa Ulaya, na mwenyewe hawezi kuandika kwa Kiingereza kwamba malipo yamecheleweshwa. Anza na maneno ya meza yako.

Na kila mmoja ayajue makosa ya asili yake. Kwetu "yeye" ni mmoja, mume au mke. Basi twachanganya "he" na "she" hata baada ya miaka ishirini. Kiswahili hakina yale maneno madogo "a" na "the", basi twayaacha, au twayatia pasipo mahali pake. Haya hayatoki kwa kusikiliza tu. Yataka mtu akuonyeshe kwa kalamu nyekundu, nawe uandike tena sentensi nzima.

Kwa upande wa Kizigua njia ni fupi zaidi, na ni aibu tunavyoiacha. Mwenye kujua kwamba "ki-" yetu huwa "chi-" na ya kuwa maji ni "mazi", amekwisha kushika ncha ya kamba. Na tuwakumbuke Wazigua wa Somalia. Karne ya 19 mababu zao walichukuliwa utumwani hata pwani ya Somalia, wakatoroka wakakaa bonde la mto Juba, nao wakaihifadhi lugha ya huku vizazi kwa vizazi. Vita ya mwaka 1991 ilipowatawanya, baadhi yao walikuja Handeni, wakakaa Mkuyu, kisha Chogo. Watu wazima hawa walifika na Kizigua mdomoni, mahali ambapo mgeni wa kutoka mjini angehitaji mkalimani. Karani aliyepelekwa huku angeweza kuomba somo kwa mzee yeyote barazani, na mzee angefurahi. Ila asiende mikono mitupu na maswali ya sarufi. Aende na kisa cha shamba au mvua, asikilize, kisha amsimulie mzee kisa kile kile, na mzee amrekebishe.

Muda gani? Chuo cha Marekani kiwafundishacho mabalozi wao hukiwekea Kiswahili majuma 36 ya darasani, yapata saa 900, na wanafunzi wake hawana kazi nyingine. Kutoka kwetu kwenda Kiingereza umbali ni ule ule. Basi atakaye kumaliza kwa miezi mitatu ya jioni anajidanganya, bali mwenye saa moja kwa siku ahesabu miaka miwili na nusu. Enzi ya Waingereza maafisa wao walipewa tarehe ya mtihani wa Kiswahili, na kupandishwa kwao kulihusiana nao. Ndiyo maana walisoma. Sisi hakuna atupangiaye tarehe.

Kwa hiyo twaomba tawi lipange. Korogwe wasome Kiingereza wawili wawili, kila mmoja amjaribu mwenziwe maneno 20 kwa juma, na barua moja isahihishwe. Handeni waanze na Kizigua, na mzee alipwe nauli yake na chai. Daftari za wote ziletwe mkutano wa mwisho wa mwezi wa sita, na maneno yaulizwe hadharani bila kitabu. Wenye kutaka watoe majina kwa katibu kabla ya kuondoka leo.