Msichana hodari anapoogopa sahani

Leo sizungumzii njaa ya ukame. Hapa Mgeta kuna kabeji, njegere, viazi, hata maziwa ya mbuzi. Nazungumzia binti ambaye chakula kiko mbele yake naye anakataa kula.

Mtaniambia, "Hayo ni ya Wazungu." Si kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta dalili hizo kwa baadhi ya wasichana wa Tanzania. Na mwaka 2004 ilitolewa taarifa ya sekondari mbili za Ghana: kati ya wasichana 668, kumi walikuwa wamekonda kwa kujinyima chakula makusudi. Wala hawakutaka kufanana na mamisi. Kwao, kushinda njaa kulikuwa jambo jema, la kidini, la kujitawala.

Hapo ndipo tabia inapoingia. Jamani, anayejinyima hivi mara nyingi si mvivu wala mjeuri. Ni yule anayechana ukurasa kwa kosa moja, anayepata 85 akalilia zile 15. Hakosi zamu, hajui kusema "hapana". Walimu wanampenda, nami simsemi vibaya. Ila bidii ile inaweza kuhamia kwenye sahani: leo anaacha ugali, kesho na uji, na kila akilala njaa anajiona amefaulu mtihani. Wengine ni wenye papara na hasira za ghafla. Hao hula kupita kiasi kwa siri, kisha wanajitapisha. Si kila mwenye tabia hizi ataugua. Kuna urithi, kuna matatizo ya nyumbani, kuna na huo utani wenu wa "bonge" bwenini.

Mwili haujali sifa. Hedhi inakatika (na watu wanaanza kunong'ona mimba!), baridi ya huku inamtesa kuliko wenzake, mlimani anapata kizunguzungu. Kujitapisha kunapunguza chumvi zinazoendesha mapigo ya moyo, na moyo unaweza kusimama.

Ukimwona mwenzako hivyo usimsifu kwa kupungua, wala usimlazimishe kula mbele za watu. Mwambie faraghani, "Naona huli, nina wasiwasi." Nendeni pamoja kwa matroni, kisha kituo cha afya apimwe, maana kifua kikuu na kisukari navyo hukondesha. Akizirai, msisubiri kesho.

Haya, maswali. Mwenye aibu aandike kwenye karatasi, bila jina.