Swali Huharibika Kabla ya Kuulizwa



Takwimu zinapotangazwa Dodoma, wengi huzipokea kana kwamba zimeshuka zikiwa kamili. Sivyo hata kidogo. Kila tarakimu ilianzia mlangoni mwa mtu, kwa swali la mdadisi, na ikatoka kinywani mwa mtu aliyekuwa na sababu zake za kusema au za kunyamaza. Kata ya Masakta, kama nyingine za Hanang na Mbulu, ni mahali pafaapo pa kulitazama jambo hili.

Neno la kwanza ni “kaya”. Katika tafiti za nchini, kwa kawaida kaya huwa ni watu waishio pamoja na kula chungu kimoja. Mjini maana hiyo haina matata makubwa. Lakini boma la Mbarabaig mwenye wake watatu ni kaya ngapi? Kila mke ana nyumba yake, jiko lake, na ng'ombe wa kukamua waliotengwa kwa ajili yake na wanawe. Mdadisi akiandika kaya moja, mke wa tatu ambaye watoto wake hulala njaa hupotea ndani ya wastani wa boma lenye mifugo mingi. Akiandika kaya tatu, mbili zitaonekana hazina baba wala ng'ombe, kwa kuwa baba na ng'ombe wameandikwa nyumba ya kwanza. Hesabu ya umaskini imebadilika, wala hakuna aliyesema uongo! Sensa ya 2012 ilipata wastani wa watu 4.7 kwa kaya, na ile ya 2022 ikapata 4.3. Msomaji makini wa tarakimu hizo hana budi kuuliza pia mipaka ya kaya ilichorwaje.

La pili ni lugha. Hojaji huandikwa kwa Kiswahili, nao wazee wengi wa huku hufikiri kwa Kiiraqw au Kidatoga, lugha zisizo za Kibantu kabisa. Mdadisi akiachiwa atafsiri papo hapo, wadadisi kumi watauliza maswali kumi tofauti. Dawa yake inajulikana: swali litafsiriwe mapema, kisha mtu mwingine asiyeliona la asili alirudishe katika Kiswahili, ndipo yalinganishwe mawili hayo. Kazi hii huchosha, na ndiyo sababu hurukwa. Hata jina lina uzito. Karatasi inayowaita Wadatoga “Wamang'ati”, jina walilopewa na Wamasai lenye maana ya maadui, imekwisha kumfunga mhojiwa mdomo.

Gumu kuliko yote ni swali la ng'ombe. Mfugaji akitaja kumi ilhali anao hamsini, si haki kumwita mjinga. Wajerumani walihesabu nyumba ili watoze kodi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walileta Mbulu mpango wa maendeleo ulioambatana na amri ya kupunguza mifugo. Kwa vizazi kadhaa, kuhesabiwa kulikuwa mwanzo wa kunyang'anywa. Isitoshe, baadhi ya ng'ombe walioko zizini ni wa rafiki, na baadhi ya wake wako kwa ndugu. “Una ng'ombe wangapi?” ni swali baya. Afadhali kuuliza wanaokamuliwa leo, kisha ndama, kisha waliopelekwa kwingine, na kabla ya yote kueleza tarakimu hizo zitaonwa na nani. Sheria ya Takwimu ya 2015 inalinda siri ya mhojiwa, lakini sheria asiyoisikia haimtulizi.

Kuna wanaodhani dawa ni kuuliza watu wengi zaidi. Mwaka 1936 jarida moja la Marekani lilikusanya majibu yapatayo milioni 2.3 na kutabiri kwamba Roosevelt angeshindwa. Akashinda kwa kishindo, maana majina mengi yalitoka katika orodha za wenye simu na magari. Kijijini, orodha kamili ya kaya 300, kura ya kuchagua namba ya kuanzia kati ya 1 na 10, kisha kila kaya ya kumi, hutoa kaya 30 zinazowakilisha kijiji kuliko mamia ya walio kando ya barabara.

Na majira je? Apitaye mbugani ng'ombe wakiwa wamehamia kwingine huweza kuandika kwamba ardhi ni tupu. Hanang inaijua gharama ya mawazo ya namna hiyo. Mashamba ya ngano ya NAFCO yalipotwaa ekari zipatazo laki moja, Wabarabaig walipoteza malisho ya msimu. Kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi mwaka 1981, kikashinda Mahakama Kuu, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, kwa hoja, pamoja na nyingine, kwamba haki ya wote waliodai haikuthibitishwa mmoja mmoja.

Basi utafiti wa malisho Masakta ufanywe mara mbili kwa mwaka, masika na kiangazi, na majibu yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kabla hayajapelekwa wilayani Katesh, ili aliyeandikwa vibaya apate kusahihisha.