Kupanda Uluguru Wakati wa Kipupwe



Nimeombwa kusema machache juu ya desturi njema ya vijana kupanda mlima siku ya mapumziko. Mtu asimamaye Msamvu, penye njia panda ya Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, huiona milima ya Uluguru karibu sana, hata hudhani ataifikia mara moja. Lakini mlima haupimwi kwa macho. Mji wa Morogoro uko kadiri ya mita 500 juu ya bahari, nacho kilele cha Lupanga kimepita mita 2,100. Basi apandaye hana budi kuuinua mwili wake mita 1,600, hatua kwa hatua.

Tena, katika kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Mwezi wa Julai, mtu aliyetoka jasho bondeni hutetemeka akifika juu. Nao upepo wa kusi huleta unyevu wa bahari. Ukiupanda mlima hupoa, ukawa ukungu na manyunyu. Ndiyo maana upande wa mashariki hupata mvua nyingi kuliko upande wa mji, na msafiri aliyeondoka penye vumbi huingia penye tope.

Katika nchi za baridi kali, wapandao milima hujifunga miguuni viatu vipana mfano wa ungo, ili wasizame katika theluji. Kwetu Uluguru hakuna theluji. Adui zetu ni utelezi, mizizi na ukungu. Walakini kanuni za safari ni zile zile. Kwanza, ombeni ruhusa, maana msitu ule ni hifadhi, mkachukue na mwenyeji ajuaye njia. Pili, aliye dhaifu atangulie pamoja na kiongozi, yeye ndiye awe kipimo cha mwendo. Tatu, kila mmoja achukue nguo kavu, chakula na fimbo. Nne, saa ya kurudi iwekwe kabla ya kuondoka. Jua huchwa kama saa 12 na nusu, na chini ya miti giza huwahi kuingia. Kwa hiyo ifikapo saa 7 mchana, geukeni popote mlipo.

Hapo ndipo penye jaribu, walimu wenzangu. Ukingo wa mlima umebaki karibu, ukungu umeshuka, na vijana wanakusihi mwendelee. Waona haya kurudi bure. Lakini kumbukeni habari ya Hans Meyer, Mdachi aliyekwenda Kilimanjaro mwaka 1887. Barafu ilimzuia, akarudi. Mwaka 1889 alikwenda tena na mwenzake Ludwig Purtscheller, pamoja na wenyeji wa kuwasaidia, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Kama angeshupaa mara ya kwanza, labda ya pili isingekuwapo. Kurudi si kushindwa; mlima hauhami, bali mtoto aliyepotea haletwi na majuto. Nao wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Tena, wasiofika kileleni hawarudi mikono mitupu. Waonyesheni vijana kuvu na ndevu za miti zinavyokamata ukungu, na majani yaliyooza yanavyoyanywa maji na kuyaachia polepole. Kutoka huko hutoka vijito vya Uluguru vinavyolisha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hata Dar es Salaam. Ukikata msitu, mvua hushuka kwa ghadhabu na kuchukua udongo, kisha kiangazi vijito hukauka. Kijana aliyeyaona hayo kwa macho yake hatahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini mti wa mlimani usiguswe.

Basi pandeni, ndugu zangu, na mrudi wote, kwa hesabu ile ile mliyoondoka nayo.